Muujiza wa Waasi

Kitabu nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba, kando ya Mtaa wa Samora, kimebanwa kati ya kitabu cha uhasibu na Biblia ya Kiingereza isiyo na jalada. Revolt in 2100, cha Mmarekani Robert Heinlein, mwandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Kilitoka mwaka 1953, ila hadithi kuu iliyomo, “If This Goes On—”, ilianza kuchapwa jaridani mwaka 1940. Muuzaji alitaka elfu tano, tukamalizana kwa tatu. “Hicho cha dini, bosi,” akaniambia akihesabu chenji.

Hakukosea sana. Marekani ya humo ndani inatawaliwa na Nabii. Wa kwanza wao, Nehemiah Scudder, alikuwa mhubiri aliyeingia Ikulu kwa kura mwaka 2012, kwa hesabu za Heinlein, na uchaguzi ukaishia hapo. Vizazi kadhaa baadaye tunakutana na John Lyle, askari kijana anayelinda kasri la Nabii wa zamu hiyo. Lyle anaamini kwelikweli. Kinachomtikisa ni Judith, mmoja wa mabikira waliotengwa kumtumikia Nabii. Lyle anapoelewa utumishi huo ni wa namna gani, anaanza safari ya kuelekea kwenye chama cha siri, na kutoka hapo kwenye vita.

Nilikwenda nacho kijiweni kwetu Magomeni, pale tunapokunywa kahawa baada ya isha. Ustadhi anayefundisha madrasa mtaa wa pili akakichukua, akakigeuza huku na huku, akaniuliza kinasema nini. Nikamsimulia. Akaweka kikombe chini. “Sasa mwalimu, hawa wenzetu kila wakitaka kumchora dhalimu lazima wamvike joho? Wanajeshi waliopindua nchi humu Afrika walikuwa maimamu?”

Hoja yake ina uzito. Ukisoma hadithi za aina hii nyingi kwa mkupuo, unaanza kuona kama kila sala ni hatua ya kwanza ya udikteta, na msomaji aliyelelewa na bibi wa kumwamsha alfajiri hawezi kuipokea picha hiyo bila kuona bibi yake amesingiziwa. Lakini nilimjibu kwamba hofu ya mtawala anayejiita mjumbe wa Mungu haihitaji mtu awe mpagani kwanza. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa dini, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wanaoipenda ibara hiyo wengi wanatoka misikitini na makanisani. Wanajua nini kitatokea dhehebu la jirani likishika dola.

Hapo ustadhi alikubali nusu. Tungeishia hapo, nisingeandika makala hii. Ila aliniuliza: “Hao waasi walishinda vipi?”

Kila mwaka, katika utawala wa Manabii, kuna siku ya Muujiza. Nchi nzima inakaa mbele ya runinga, na Scudder, aliyekwisha kufa zamani, anaonekana akimshukia Nabii aliyepo na kumthibitisha. Ni ufundi wa kamera tu, na wakubwa wanajua. Waasi nao wana mafundi wao. Wanarekodi muujiza wao, wanaingilia matangazo, na siku hiyo wananchi wanamwona Scudder akimlaani Nabii na kuwaamuru waumini wamwinukie. Nchi inalipuka. Kinachobaki mikononi mwa Nabii ni ngome yake.

Ustadhi akacheka, kicheko kisicho na furaha. “Kwa hiyo walidanganya.”

Ndiyo, walidanganya, na wapo wa kuwatetea. Mwaka 1943 Mmarekani mwingine, Fritz Leiber, alichapisha “Gather, Darkness!” jaridani. Humo makuhani ni warithi wa wanasayansi: miali inayowazunguka vichwa ni umeme, na malaika wao ni mitambo inayoruka. Mwanzoni kabisa kuhani kijana, Jarles, anasimama uwanjani mbele ya walalahoi na kuwaeleza ukweli wote, kwamba hakuna cha mungu hapo, ni mashine. Haiwaingii. Wanaogopa. Wanaokuja kuutikisa utawala ule ni waasi waliojifanya wachawi, wenye vitisho vya kutengeneza kiwandani, kwa sababu hofu ndiyo lugha ambayo watu wale wamefundishwa tangu utotoni. Mtetezi wa waasi atakwambia hivi: mtu aliyefungiwa miaka mia katika miujiza humtoi kwa kumsomea ripoti.

Nisingependa kumcheka mtetezi huyo. Mwaka 2011 nchi hii ilipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu iliyosemekana kuponya kila kitu, kwa shilingi 500. Dar es Salaam watu waliomba ruhusa kazini, wakauza mbuzi wa kijijini, wakapanda. Hawakuwa wajinga, miongoni mwao walikuwamo wasomi kunizidi. Walikuwa na wagonjwa. Mwenye uchungu hasikii maelezo marefu, na anayetaka kumwinua mtu aliyechoka hulazimika kuanzia pale alipo.

Lakini sisi tunayo kazi iliyokwenda mbali kuliko Heinlein na Leiber wote wawili, na haina hata roketi moja. Ebrahim Hussein, akiwa hapa Dar es Salaam, aliandika tamthiliya ya Kinjeketile iliyotoka mwaka 1969, juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Maji ya dawa ya mganga Kinjeketile yanawaunganisha makabila ambayo hakuna hotuba ingeyaunganisha. Kinjeketile mwenyewe si tapeli, naye ameamini. Kisha shaka inamwingia, anataka watu wangoje, wajizatiti kwanza. Amechelewa. Neno limekwisha kumtoka mkononi, wenzake wanaelekea kwenye bunduki wakiamini risasi zitageuka maji. Mwishoni Mjerumani anamtaka aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana akisema hivyo, watakaokuja wataambiwa na vita yenyewe ilikuwa uongo.

Ndiyo bei ya muujiza hiyo, imeandikwa waziwazi. Kwa Heinlein hakuna anayelipa. Na yeye mwenyewe alilisogelea jambo hili, ndiyo maana nina kinyongo naye. Katika toleo la 1953, waasi wakishashika karibu nchi yote, viongozi wanajadili mpango wa kuwatengeneza raia akili kwa mbinu za kisaikolojia ili wawe tayari kwa uhuru. Mzee mmoja anayefanana na Mark Twain anasimama na kupinga kwa hasira: watu huru hawatengenezwi akili. Mpango unaanguka. Ni ukurasa mzuri kuliko yote kitabuni, nimeusoma mara tatu. Ila mzee yule hasemi kitu juu ya Muujiza uliorushwa muda mfupi tu kabla yake. Ule haukuwa kutengeneza watu akili?

Ustadhi anasema waasi wale ni Manabii tu waliovaa sare nyingine. Hapo sikubaliani naye. Nabii anadanganya ili abaki, wao walidanganya mara moja na kisha wakaacha watu wabishane, na mtu aliyelala kwenye chumba cha mateso cha Nabii asingeniuliza mkanda ulirekodiwa wapi. Ningekuwa miongoni mwao, nadhani ningebonyeza kitufe. Kinachonikera ni kwamba baada ya kukibonyeza hakuna hata mmoja anayerudi hewani kusema: jamani, yule Scudder wa juzi alikuwa wetu.

Mwakani, siku ileile, kuna mama sehemu fulani ya nchi ile ambaye alilia alipomwona Scudder, akachana picha ya Nabii ukutani, na mwanawe akaenda vitani hakurudi. Atawasha runinga mapema, atawaita wajukuu, na atakaa kungoja.