Foleni ya damu baada ya maafa: wote watoe siku ileile?

Jumamosi ya 21 Septemba 2013, magaidi walivamia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Siku zilizofuata foleni ndefu zilipangwa Uhuru Park, watu wakingoja zamu ya kutoa damu. Mpaka leo nikizikumbuka foleni zile moyo unanijaa.

Wanaosimamia benki za damu, hata hivyo, wana hoja nzito. Majeruhi anayevuja damu huokolewa na chupa iliyomo kwenye jokofu kabla hajafika. Damu inayotolewa sasa hivi lazima kwanza ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kazi ya saa kadhaa. Tena chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 tu, na aliyetoa leo hatoi tena mpaka miezi mitatu au zaidi ipite. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, karibu watu nusu milioni walijitokeza, ilhali majeruhi wa New York walihitaji chupa zisizofika 300. Chupa nyingi kati ya zilizotolewa ziliishia kutupwa.

Lakini New York majokofu yalikuwa na akiba. Kenya na Tanzania akiba hutegemea sana wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, damu hupungua, na ndugu wa mgonjwa huombwa walete wachangiaji. Kwa hali hiyo siwezi kuiita foleni ile kazi bure. Westgate ilizingirwa siku nne, na mwenye jeraha la risasi anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji mara mbili, tatu.

Maafa nayo hayafanani. Lori la mafuta lilipolipuka Morogoro Agosti 2019, tatizo lilikuwa moto, na aliyeungua huanza kwa kupoteza maji mwilini. Kumwita kila mtu aje kutoa damu kabla ya kuuliza hospitali inahitaji nini ni kukosea.

Mimi naegemea upande wa jokofu, ila foleni nisingeifukuza. Wa kundi O watangulie, kwa kuwa damu yao ndiyo hutumika pasipo muda wa kulinganisha makundi. Wengine waandikwe namba za simu, waitwe wiki ya pili, ya tatu, ya tano. Ugumu uko kwenye simu hiyo: lazima awepo mwajiriwa wa kuipiga, kamera zikishaondoka.