Maktaba ya picha za tiba ianze na maelezo, wingi utafuata

Vyuo vya tiba vikikubaliana kujenga maktaba ya pamoja ya picha za kufundishia, jambo la kwanza kuulizwa huwa ni idadi. Nani ana picha ngapi? Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi inapoanza kwenda kombo. Picha 200 zenye maelezo kamili zina faida kuliko 10,000 zilizorundikwa kwenye folda bila mpangilio.

Chukua eksirei moja ya kifua. Miale ikiingia kifuani na kutokea mgongoni, moyo unakuwa mbali na kipokezi cha picha, hivyo kivuli chake hupanuka. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atasema moyo umevimba, na lawama haitakuwa yake. Kwa hiyo andika mwelekeo wa miale, mgonjwa alikuwa amesimama au amelala, kundi la umri wake, jinsia, dalili zilizomleta, na ugonjwa ulithibitishwa kwa njia gani. Hilo la mwisho ndilo hurukwa zaidi. Kifua kikuu kilichothibitishwa kwa kipimo cha makohozi ni tofauti kabisa na kile alichokisia aliyepakia picha. Jina la faili nalo liwe nambari tupu. Likitaja ugonjwa, zoezi limekwisha kabla picha haijafunguka.

Siri ya mgonjwa inahitaji ukali zaidi ya tuliouzoea. Faili ya DICOM, yaani muundo ambao mashine za hospitali hutumia kuhifadhi picha za tiba, hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali, na watengenezaji wa mashine huongeza sehemu zao wenyewe ambazo programu ya kufuta huenda isizitambue. Njia salama ni kuorodhesha sehemu zinazoruhusiwa kubaki, kisha kufuta nyingine zote. Tarehe za mgonjwa mmoja zisogezwe kwa idadi ileile ya siku, ili muda kati ya kipimo na kipimo usipotee. Picha za ultrasaundi mara nyingi zina jina lililochapwa juu ya picha yenyewe. Huko kufuta maelezo ya faili hakusaidii, lazima ukate ukingo huo. CT ya kichwa, yaani eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, ikiwa na vipande vyembamba inaweza kutengenezwa upya ikatoa sura ya mtu. Picha ya simu huweza kubeba mahali ilipopigwa. Na ule mstari mweusi machoni haumfichi mwenye chale au kovu ambalo jamaa zake wanalijua! Kila picha ikaguliwe na mtu wa pili, akiikuza.

Ridhaa ya kutibiwa si ridhaa ya kufundishia. Fomu iwe ya peke yake, iseme kama picha itabaki darasani au itawekwa kwenye intaneti, na imweleze mgonjwa wazi kwamba akibadili nia picha itaondolewa, lakini nakala zilizokwisha kupakuliwa hazirudi. Fomu zihifadhiwe mbali na maktaba, ziunganishwe nayo kwa nambari tu.

Kuhusu ubora, msitupe faili asilia baada ya kuondoa utambulisho. Kipande kimoja cha CT cha pikseli 512 kwa 512, biti 16, ni takriban nusu megabaiti. Vipande 300 ni kama megabaiti 150. Watu huona mzigo, wanageuza kuwa JPEG. Lakini JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu za kijivu, na ikihifadhiwa kwa mpangilio wa mwangaza unaofaa tishu laini kama misuli, mapafu hubaki meusi tii na hakuna anayeweza kuyarudisha. Nakala nyepesi tengenezeni kwa ajili ya simu, asilia ibaki. Kwenye picha za hadubini wekeni mstari wa kipimo, kwa mfano mikromita 50. Kuandika "mara 400" hakuna maana tena picha ikishakuzwa kwenye skrini.

Pengo linaloniuma zaidi liko kwenye yale tusiyokusanya. Picha za viungo vizima hazina anayezipakia, ilhali asiyejua pafu zima hawezi kulijua bovu. Na picha za ngozi zikiwa za watu weupe tu, mwanafunzi atafundishwa kutafuta wekundu, kisha atakutana na mgonjwa mweusi ambaye uvimbe uleule umejitokeza kwa rangi ya zambarau au kahawia, akaupita.