Shela: nyumba zimepona, mtaa je?

Ubishi kuhusu Shela umezoeleka kisiwani Lamu. Upande mmoja unasema: bila wageni waliokuja kujitengenezea nyumba za mapumziko, mtaa huu ungekuwa magofu. Upande wa pili unajibu: wageni wameuchukua mtaa, na wenyewe wamebaki kuwa walinzi na wapishi katika nyumba za babu zao. Kila upande una ukweli wake, ila wote wanabishania mwenye nyumba. Tatizo zito zaidi liko juu ya nyumba na chini yake: ghorofa na maji.

Shela ni mtaa mkongwe, uko kilomita 3 hivi kusini mwa mji wa Lamu. Wazee wake wanahesabu asili yao Takwa, mji uliohamwa kule kisiwa cha Manda, na bado watu wa Shela huenda kuzuru kaburi la mnara lililoko huko. Karne ya 19 ndiyo iliyokuwa enzi yake. Msikiti wa Ijumaa wenye mnara wake mweupe ulijengwa mwaka 1829. Biashara ilipodorora, watu walihama na nyumba zikabaki bila mtu wa kuziangalia.

Na nyumba ya matumbawe haivumilii kutelekezwa. Huanza kufa kutoka darini. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa, juu yake vipande vya mawe, kisha chokaa nzito iliyopondwa. Ufa mdogo ukiachwa misimu michache ya masika, maji hufikia ncha za boriti zilizofichwa ndani ya ukuta. Ncha zinaoza, dari linaanguka, ukuta unabaki wazi juu, na mvua inauosha udongo na chokaa vilivyoyashika mawe. Kukarabati kunataka fedha nyingi kwa mkupuo, na nyumba ya urithi yenye warithi kumi na wawili haina anayezitoa. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, na katika miongo iliyofuata wageni, wengi wao Wazungu, wakaanza kununua magofu. Kulikataa hilo ni kukosa haki: fedha zao ndizo zilizowapa kazi mafundi wa chokaa, wachongaji wa milango na wanaojua kupamba ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo.

Tuongeze jambo la sheria, kwa sababu neno "wamenunua" linatumika ovyo. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na mkataba hauzidi miaka 99. Ardhi haijapotea milele, basi. Lakini miaka 99 ni vizazi vitatu au vinne, na kijana anayetaka kuoa leo hawezi kuvingoja. Bei iliyopandishwa na wenye fedha za kigeni humsukuma pembeni, kuelekea mchangani.

Sasa ghorofa. Nyumba ya zamani ilijengwa kwa sitara. Unaingia dakani, kibaraza cha mlangoni, njia inapinda, na mpita njia haoni ndani. Wanawake wanafanya shughuli zao kiwandani, uwanja wa katikati ulio wazi juu. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti, ambayo haivuki nafasi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Nyumba ya mapumziko inataka kinyume chake: upepo, mandhari ya bahari, na baraza la makuti juu kabisa. Baraza hilo likipanda, kiwanda cha jirani kinakuwa uwanja wa maonyesho. Hakuna sheria ya mambo ya kale inayorudisha sitara iliyokwisha ondoka. Isitoshe, eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 ni mji mkongwe wa Lamu, karibu hekta 16; Shela iko nje yake.

Kosa jingine ni saruji. Chokaa hupumua: unyevu wa ukutani hutoka nje. Ukipiga plasta ya saruji juu ya matumbawe, unyevu unafungiwa, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya muda plasta inabambuka pamoja na uso wa jiwe. Zege la nondo lililochanganywa na mchanga wa pwani ni baya zaidi, kwani chuma kikila kutu hutanuka na kupasua zege kutoka ndani. Baadhi ya nyumba "za kale" zinazong'aa katika picha ni zege lililopakwa chokaa.

Chini ya nyumba kuna suala ambalo kwetu lina uzito kuliko yote. Vilima vya mchanga nyuma ya Shela hunywa mvua na kuihifadhi. Maji hayo matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kisiwa kinayategemea. Ukivuta kupita kiasi kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea na bustani, maji ya chumvi hupanda kisimani, na kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu kupona. Ukijenga juu ya vilima, mashimo ya vyoo yanachafua kilichobaki. Mwenye nyumba akiwa Mwitaliano au mzaliwa wa Shela, kisima hakimtambui.

Wapo wanaojibu kwamba ajira inafidia. Inafidia, ila ni ajira ya mguu mmoja. Mwaka 2011 mgeni alitekwa Manda, ng'ambo tu ya mkondo. 2014 kukawa na shambulio la Mpeketoni na amri ya kutotoka usiku. 2020 kukaja korona. Kila mara nyumba zilifungwa, na mpishi asiye na shamba wala mashua akabaki mikono mitupu.

Anayekwenda, aende akijua. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni msimu wa joto, bahari tulivu na bei kubwa; Mei na Juni mvua nyingi, na nyumba nyingi hufungwa. Kutoka uwanja wa ndege wa Manda boti hufika Shela moja kwa moja. Kwa miguu kutoka Lamu ni dakika 45 hivi, lakini wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa mnamo saa kumi jioni na sehemu za njia ya ufuoni hufunikwa, tembea asubuhi. Usiogelee karibu na mlango wa mkondo maji yanapotoka. Ufuo una kilomita 12 bila kivuli, hivyo beba maji.

Nyumba hukodishwa nzima, mara nyingi pamoja na mpishi. Uliza kama mshahara wake umo katika bei; chakula mara nyingi hulipiwa mbali. Uliza pia maji yanatoka wapi, na kama kuna bwawa. Mwenye nyumba akiulizwa hivyo na kila mpangaji, atalifikiria bwawa mara mbili kabla ya kulichimba. Mtaani vaa nguo za kufunika mabega na magoti, na ukiwa juu kwenye makuti, elekeza kamera baharini.