Wote Mwastaafia Kwangu, Mie Nikastaafie Wapi?

Tangu nitimize miaka 60 na kuikabidhi ile kalamu yangu ya ukarani wa mizigo, watu wa mtaa wetu wa Majengo, Mombasa, hawaniulizi hali tena. Salamu imebaki moja: "Mzee, wahamia wapi?" Si shikamoo, si waamkaje. Wahamia wapi. Muuza mbaazi aniuliza huku amenikopa chenji. Kinyozi aniuliza wembe ukiwa shingoni, na huyo ndiye peke yake ninayemjibu kwa adabu.

Wenzangu wa ofisini, watu wa bara, hawana tabu hii. Kuna mmoja alishuka Mombasa kutoka Bungoma na kijibegi, akalilalamikia joto letu maisha yake yote ya kazi, na kesho ya kustaafu akapakia kitanda, meza na friji kwenye lori akaenda zake. Sasa anitumia picha za ng'ombe. Kila asubuhi ng'ombe. Yule mwekundu amezaa, yule wa madoa hali vizuri. Juzi akaniuliza kwa simu:

"Na wewe kwenu ni wapi? Unaenda lini?"

"Majengo."

"Najua unakaa Majengo. Nauliza nyumbani."

"Majengo."

"Hapana, nyumbani kabisa. Kwa babako."

"Majengo, nyumba ya nyuma."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia pole.

Pole ya nini? Siku ya kustaafu na mie nilirudi nyumbani. Nilipanda matatu nikafika kabla wali haujaiva. Lakini mtu wa bara haamini kuwa binadamu aweza kuzaliwa mjini, akasoma mjini, akazeekea mjini na asiwe na kilima fulani cha kumngojea azikwe.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki: wao wakishastaafu huko kwao hakuna anayewafuata. Huku kwetu ndiko wanakohamia walimwengu. Mkubwa wa Nairobi akistaafu, daktari amwambia hewa ya bahari yafaa kwa presha, basi huyo, amejenga Nyali, hapo ng'ambo ya daraja tu, au Vipingo, ua mrefu, mbwa wawili. Mjerumani akistaafu yuko Diani juu ya baiskeli, kaptura fupi kuliko subira yangu. Wataliano ndio usiseme, wameizoea Malindi tangu miaka ya 60 walipoweka kituo chao cha kurushia satelaiti baharini pale Ngomeni. Wote hao walikaa wakafikiri, mahali pazuri pa uzeeni ni wapi, na jibu likawa ni nyuma ya jikoni kwangu. Sasa mie niliyekuwa hapa kabla yao nisogee wapi? Nikastaafie Berlin?

Mtu ataniambia, basi kaa hapo ulipo. Ningekaa. Lakini nyumba yangu ni ile ya Kimombasa, nyumba bila ardhi. Kuta ni zangu, mabati ni yangu, mlango ni wangu pamoja na komeo lake bovu. Ardhi ni ya mtu, na kila mwezi namlipa kodi yake, kama alivyolipa babangu. Maana yake ni kwamba nikiruka juu, pale hewani niko kwangu. Nikitua niko kwa watu.

Mambo haya yana asili yake. Mwingereza alileta sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, akatangaza kuwa kila mtu wa Pwani mwenye ardhi aje aidai aandikwe. Waliokwenda wakapata hati. Ambao hawakwenda, ardhi ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Babu yake babangu alikuwa hai siku hizo na alikuwa na miguu miwili mizima. Alikuwa wapi? Kwa ninavyoujua ukoo wetu, alikuwa barazani, amemwambia mtu amuongeze kikombe cha kahawa, hiyo sheria ataiendea kesho.

Na sasa warithi wa mwenye ardhi wauza vipande vipande, na kila kipande kikiuzwa chaota gorofa. Ya upande wangu wa kusini imekwenda juu mpaka nikitaka kuona mwezi nauliza mpangaji wa juu. Zamani upepo wa kusi ukiingia kwa dirisha la jikoni watokea mlango wa mbele, na mke wangu, mama Salim, alikuwa akiweka jiwe juu ya leso zisiruke. Siku hizi dirishani haingii kitu ila harufu. Najua wapangaji wa gorofa ya kwanza wanapika nini, najua kilichoungua, na najua ni nani amelaumiwa. Juu yake kuna kiyoyozi, na mtambo wake wa nje wamwaga maji kwenye mabati yangu. Ta. Ta. Ta. Usiku kucha. Nimekwenda kumwambia mwenyewe kwa upole, akanijibu, "Mzee, ni maji safi hayo, kinga ndoo." Nimekinga. Mabati ndiyo yanayopiga kelele, yeye alala kwa baridi.

Basi ndiyo nikaanza kutafuta.

Mwanangu Salim yuko Kitengela, karibu na Nairobi, asema, "Baba njoo huku, ploti ziko." Nilikwenda. Treni kutoka Miritini mpaka Nairobi ni shilingi 1,500 daraja la kawaida, na hilo sina ugomvi nalo, kiti kizuri, twiga wa bure dirishani. Lakini ilikuwa Julai. Nililala na kanzu, sweta, na taulo kichwani. Wajukuu wakanipiga picha. Nikarudi.

Ng'ambo ya kusini ni pazuri, hilo sibishi. Tiwi kuna kivuli, kuna minazi, kuna maji yanyweka. Shida ni kwamba kati yangu na Tiwi kuna feri ya Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi, na kitu cha bure mjini kwetu ujue walipia kwa mbavu. Wangojea kwenye banda, lango lafunguliwa, umati waondoka kwa pamoja, nawe waondoka nao utake usitake. Kijana anavumilia. Mzee wa magoti kama haya yangu, ukidondosha kiatu hukiinamii, wakisamehe. Sasa piga picha ni usiku wa manane, presha imepanda, wahitaji kufikishwa Makadara hospitali kuu. Wataniambia kuna barabara ya Dongo Kundu, gari lazunguka mpaka Miritini bila kugusa feri. Kweli, barabara safi kabisa. Ila teksi ya kuzunguka huko na kurudi mjini, mwenye presha akitajiwa bei yake, hapana haja tena ya kufika hospitali.

Diani sikuitazama sana. Nilikaa kwa shemeji yangu, asubuhi nikawekewa mahamri mezani uani, nikageuka kuchukua chai, nikarudi nikamkuta nyani amekaa kwenye kiti changu anakula kwa utulivu. Alinitazama usoni, hakukimbia. Mimi ndiye niliyeondoka.

Kaskazini nako kuna mambo yake. Mtwapa hailali, mtu aweza kusikiliza miziki ya baa mbalimbali bila kununua redio. Kilifi ingenifaa, kuna daraja tangu 1991, upepo upo, samaki wapo. Lakini bei za Kilifi zimewajua wageni kabla ya kunijua mie. Malindi nilikwenda kumzuru binamu yangu, nikatembea ufuoni, vijana wa Kigiriama wakaniita "ciao, papà". Nikawajibu kwa Kiswahili. Wakashangaa, wakaniuliza nimekaa Pwani muda gani.

Lamu ndiko kwa heshima. Mji mkongwe, ukaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, watu wana adabu, hakuna matatu ya kukukanyaga. Jamaa zangu wako huko na walinipokea vizuri mno. Wakanipa chumba kizuri, cha juu. Choo kiko chini. Na ngazi za nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na mtu asiyekuwa na goti hata moja. Kila kipandio kirefu, na chembamba, na giza. Nilikuwa nikishuka usiku najitakia kheri. Nje nako njia ni nyembamba, ukikutana na punda mmoja wenu arudi nyuma. Punda hana mazoea ya kurudi.

Taita wakanisifia. Wundanyi kuna ubaridi, kuna chemchemi, kabichi kubwa. Ardhi yote imelala ubavu, nikidondosha ndimu nikaiokote Voi. Na Voi kuna ndovu wanaotembelea mashamba ya watu. Nimekwisha kuibiwa na nyani, sitaki kwenda mbele zaidi.

Kisha nikaingia mikononi mwa dalali. Madalali wana pua; kiinua mgongo hakijafika benki wao wameshakinusa. Huyu wangu akaniambia ana ploti Kikambala, 50 kwa 100, dakika tano tu kutoka lami. Nikampa pesa ya kuonyeshwa, maana siku hizi hata kuona kwalipiwa. Tukapanda bodaboda, mie katikati, yeye nyuma akinisifia upepo. Tukapita shule. Tukapita msikiti. Tukapita mikanju, tukapita mbuzi, tukafika pahali watu wakatupungia mikono kama tunaokwenda Hija. Nikaanza kusoma dua ya safari ambayo nilipaswa kuisoma mwanzo.

Tukashuka. Vichaka na jiwe moja.

"Stima ipo?" nikamuuliza.

"Ipo, mzee wangu. Nguzo ile pale."

Nguzo ilikuwepo kweli, mbali, imeinama, haina waya.

"Na maji?"

Akanipeleka kwenye kisima cha jirani, akavuta ndoo, akaniteka kopo. Nikaonja. Maji yale ungepikia muhogo bila kutia chumvi.

"Uliniambia bahari yaonekana."

"Yaonekana vizuri sana, ukipanda."

"Kupanda nini?"

Hakujibu. Akauangalia mnazi uliokuwa hapo, kisha akaniangalia mie.

"Na hati?"

"Hati iko njiani."

"Njia hii hii tuliyokuja?"

Kabla hajapata la kusema, mama mmoja akatoka nyuma ya vichaka na jembe begani. Akatusalimia vizuri, akatukaribisha, kisha akauliza twamtafuta nani shambani kwake. Dalali akasema, "Twapita tu, mama." Yule mama akatuambia njia ya kupita ni kule tulikotoka. Nikamshukuru. Ndiye mtu pekee aliyenipa maelezo sahihi ya ardhi siku ile.

Nikarudi Majengo jua limezama, vumbi mpaka masikioni, nikamkuta mama Salim amekaa na karatasi. Wakati mie nazungushwa, kumbe yeye amejitia leso akaenda kwa wakili wa mwenye ardhi, wakazungumza. Wauza na kipande chetu, lakini aliye juu yake akikitaka, wamuuzia yeye kwanza.

"Bei gani?" nikauliza.

Akanitajia. Nikakaa chini. Kwa pesa hizo Tiwi napata ploti, nyumba, na minazi yenye mtu wa kuipanda.

"Mama Salim, ninunue ardhi iliyo chini ya kitanda changu? Niliyoilalia miaka yote hii?"

"Ndiyo, Baba Salim. Na ya chini ya jikoni pia, wameitia humo humo."

"Na kiyoyozi je? Na upepo?"

"Ukishakuwa na hati, utapiga gorofa yako moja juu, ukae na upepo wako."

"Kwa magoti haya?"

"Utakaa chini. Juu tutapangisha. Kuna mzee wa Nairobi, mstaafu, ameshaniuliza."

Nilitaka kubisha, nikaona amekwisha kumpigia Salim, na Salim amekwisha kumwambia dadake, na dadake amekwisha kuchagua rangi. Tena wasema kabla ya kutoa pesa lazima aje mpima ardhi, kwa sababu ngazi ya gorofa ya jirani huenda imekula futi mbili za upande wetu. Hapo nikachangamka kidogo. Futi mbili zikipatikana ni zangu, na zikiwa ni zile za chini ya mtambo wa kiyoyozi, nina maneno ya kumwambia bwana wa maji safi.

Mpima aja Jumanne. Ametaka ada yake, ametaka chakula cha mchana, na ametaka nauli ya teksi, kwenda na kurudi, kwa sababu ya umbali. Nikamuuliza atoka wapi.

Ati Nyali.