Wakili Wangu, Saa Yake na Salamu Zangu

Kosa lililoniachisha kazi linaitwa kukosa ari ya ushirikiano. Ndivyo barua ilivyosema, na barua yenyewe ilikuwa na mistari minne tu, ukiacha ule wa mwisho ulionitakia kila la heri katika shughuli zangu za baadaye, kana kwamba nilikuwa na shughuli nyingine iliyonisubiri getini. Kwa miaka 9 nimehesabu mali ya ghala la kampuni ile bila kupoteza hata msumari. Kilichotangulia barua ni kwamba nilikuwa nimeuliza, kwa adabu na kwa maandishi, malipo yangu ya saa za ziada yatatoka lini, nikajibiwa kwamba sisi hapa ni familia moja. Mimi nina familia, naifahamu familia ilivyo, na sijawahi hata siku moja kuandikiwa barua na shangazi yangu yenye nakala kwa idara ya fedha.

Kabla ya barua palikuwa na kikao cha nidhamu. Hapo lazima niwe mkweli: utaratibu ulifuatwa. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kwamba mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo wake au utendaji wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea, na pendekezo namba 166 la mwaka huohuo linaongeza kwamba anapojitetea awe na haki ya kusaidiwa na mtu mwingine. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imelisema jambo hilo waziwazi zaidi: mfanyakazi anaweza kuwa na mfanyakazi mwenzake, au mwakilishi wa chama chake, aliyemchagua mwenyewe. Maneno mazuri sana. Wasichosema walioyaandika ni kwamba huyo mfanyakazi mwenzako naye ana mkopo.

Upande wa kampuni walikaa watu wanne: meneja, afisa utumishi, katibu wa kuandika kumbukumbu, na mwanasheria wa kampuni ambaye tuliambiwa kwamba amekuja kusikiliza tu. Upande wangu tulikuwa wawili, yaani mimi na mwenzangu wa dawati la jirani, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiniambia pembeni ya ngazi kwamba siku moja tutasimama pamoja. Siku hiyo ilifika, naye akakaa. Kila meneja alipotamka neno, mwenzangu alitikisa kichwa chini juu, kwa woga wala si kwa kukubali, lakini kumbukumbu za kikao hazina sehemu ya kuandika woga, kwa hiyo katibu aliandika: "Mwakilishi wa mfanyakazi aliafiki." Neno hilo limeandikwa mara sita katika kurasa tatu. Nimezihesabu mwenyewe, maana kuhesabu ndiyo kazi niliyoachishwa.

Nikaenda kwenye chama cha wafanyakazi. Katibu wa tawi alinipokea vizuri, akanipa kiti, akafungua daftari, akatafuta jina langu kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu akalifunga taratibu kama mtu anayefunika maiti. Kwa miaka 9 nilikataa kujiunga kwa sababu ya makato ya kila mwezi, nikijisifu kwamba mimi najitetea mwenyewe. Chama kina mawakili, kina watu wanaojua njia zote za mabaraza ya kazi, na mwanachama huwakilishwa bila kulipishwa kwa saa. Nikauliza kama ninaweza kujiunga sasa hivi. Akaniambia kwamba ninakaribishwa sana, isipokuwa msaada wa kisheria ni kwa migogoro inayotokea baada ya mtu kuwa mwanachama. Kwa lugha nyingine, ningeweza kujiunga leo ili nitetewe pale nitakapofukuzwa tena kwenye kazi ambayo sina.

Wakati huo siku zilikuwa zinakwenda. Watu wote walionipenda walinishauri nipumzike kwanza, hasira zishuke, akili itulie. Ushauri huo unafaa kwa mtu aliyeachwa na mchumba. Aliyeachishwa kazi hana nafasi hiyo, kwa sababu sheria imempa muda wa kulia wenye tarehe ya mwisho: Ujerumani mfanyakazi ana wiki 3 tangu alipopokea barua awe amefungua kesi mahakamani, na Afrika Kusini na Tanzania madai ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa kwenye tume ya usuluhishi na uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, upande wa pili hauhitaji hata kuzungumzia kama walikuonea au hawakukuonea. Wanasimama, wanasema kwamba shauri limeletwa nje ya muda, wanakaa, na wewe unaanza kueleza uliugua nini na cheti cha daktari kiko wapi.

Mimi siku 11 za mwanzo nilizitumia kutunga barua pepe kali ya kumjibu meneja. Ilikuwa na aya 14 na msemo mmoja ambao hadi leo naona fahari kuukumbuka. Nilipokuwa tayari kuituma ndipo nilipogundua kwamba anwani yangu ya barua pepe ya kazini ilifungwa dakika ileile niliyokabidhiwa barua, na ndani yake zimefungiwa hati zangu za mshahara za miaka 9, maombi yangu yote ya saa za ziada, na ule ujumbe wa meneja mwenyewe ulioniambia nibaki hadi usiku na kwamba tutaelewana mwisho wa mwezi. Ushahidi wangu wote nilikuwa nimeuhifadhi nyumbani kwa mshtakiwa. Afisa utumishi nilipompigia simu aliniambia kwa upole kwamba niombe kwa maandishi, kwa kutumia barua pepe ya kazini.

Ndipo nikaenda kwa wakili. Ofisini kwake palikuwa na saa ya mezani, ndogo, nyeusi, yenye sauti kali kuliko umbo lake, na wakili aliigeuza kidogo nilipokaa. Mimi sikuelewa maana ya kuigeuza. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za kazi, habari za nyumbani, habari za watoto, nikamweleza kwamba aliyenielekeza kwake ni jirani wa binamu yangu ambaye naye anamsalimu sana, nikasifu na picha iliyokuwa ukutani. Aliitikia kila salamu kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Baadaye, ankara ilipokuja, nilikuta robo saa nzima imeandikwa "maelezo ya awali ya mteja". Siku hizi nikimpigia simu nasema jina langu na namba ya shauri.

Nilidhani atauliza nimeumia kiasi gani. Aliuliza mkataba uko wapi. Nikamwambia kwamba mkataba ulikuwa wa mdomo kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha ukaandikwa, kisha ukaisha muda wake na sote tukaendelea bila kuukumbuka. Akaandika kitu. Nikamwambia kwamba mimi nimesoma kidogo, na nimeona kwamba sehemu nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi, kwa hiyo nilikuwa nafikiri nikae kimya nisubiri wahangaike. Wakili aliweka kalamu chini. Akaniambia: "Ndugu yangu, kabla hawajathibitisha sababu ya kukuachisha, wewe utathibitisha kwanza kwamba ulikuwa na kazi, kwa sababu nina hakika watasema ulikuwa mtoa huduma wa kujitegemea." Nilicheka. Miezi 2 baadaye tukapokea majibu yao, na katika aya ya pili nilikuwa mtoa huduma wa kujitegemea.

Mtu wa kujitegemea! Mimi, niliyekuwa naomba ruhusa ya maandishi kwenda kwa daktari wa meno! Kwa bahati njema dunia imeshaushtukia mchezo huo, na pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 2006 linasema kwamba uhusiano wa kazi utazamwe kwa jinsi kazi inavyofanyika na mtu anavyolipwa, hata kama wahusika wameupachika jina jingine. Wakili akaniuliza kama nina kitu chochote, hata kidogo, chenye jina langu na la kampuni. Nikatoa mfukoni kitambulisho cha kazi nilichosahau kurudisha: plastiki imepauka pembeni, picha inanionyesha nikiwa na nywele, na chini ya picha limeandikwa kwa herufi kubwa neno MFANYAKAZI. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahia plastiki kiasi kile. Simulizi yangu yote ya dhuluma, niliyoisimulia kwa uchungu na kwa gharama, haikumgusa kama kitambulisho kile kilivyomgusa. Kisha akauliza kama getini kulikuwa na daftari la kuingia na kutoka, nami nikakumbuka kwamba kwa miaka 9 mlinzi amenisainisha kila nilipotoka, saa 3 usiku, saa 4 usiku, siku nyingine saa 5. Daftari ambalo nilikuwa nalilalamikia kila siku kwamba linanipotezea muda ndilo lililokuja kuhesabu saa zangu za ziada.

Tukafika kwenye ada. Kumbe wakili hulipwa kwa njia nyingi: kwa saa, kwa kiasi kimoja cha shauri zima, au, pale sheria inaporuhusu, kwa kukata sehemu ya kile kitakachopatikana. Njia ya kwanza inamfaa mtu mwenye mshahara, ambaye kwa kawaida hana shida ya kuachishwa kazi. Njia ya tatu inamfanya mtu agundue kwamba miezi yake ya mateso ina mbia. Nikauliza kama tukishinda kampuni itanirudishia gharama za wakili, nikaambiwa nisijenge nyumba juu ya wazo hilo, maana katika mashauri ya kazi sehemu nyingi kila upande hubeba mzigo wake. Kule Ujerumani mahakama ya kazi ya ngazi ya kwanza haikurudishii gharama za wakili wako hata ukishinda. Mwenye nia njema atasema kwamba kanuni hiyo inamlinda mfanyakazi asiogope kushtaki kwa hofu ya kulipia mawakili wa tajiri akishindwa. Ni kweli, inamlinda. Nililindwa hadi nikauza pikipiki.

Siku ya usuluhishi nilivaa suti. Kwa wiki nzima nilikuwa nimejifunza hotuba mbele ya kioo, na ule msemo wa barua pepe nilikuwa nimeuingiza mwishoni. Mlangoni wakili akanishika mkono, akaniambia kwamba kazi yangu leo ni moja tu, nayo ni kutozungumza. Kwa miaka 9 nilinyamaza bure; siku hiyo nilinyamaza kwa malipo, na mlipaji nilikuwa mimi. Afrika Kusini, kwenye tume yao, shauri linapofika hatua ya uamuzi, mfanyakazi aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu haingii na wakili hivihivi hadi pande zote zikubali au kamishna aruhusu, na mwanzoni nilifikiri kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe, mtu na mwajiri wake, uso kwa uso. Halafu nikakumbuka kwamba yule mwanasheria "msikilizaji" ni mwajiriwa wa kampuni, kwa hiyo yeye angeingia kama mfanyakazi wao na mimi ningeingia na hotuba ya kwenye kioo.

Kilichoniumiza zaidi kilitokea kwenye korido. Wakili wangu na wakili wao, waliokuwa wameandikiana kwa miezi 4 barua zenye "tumeagizwa na mteja wetu" na "madai haya ni ya uzushi na yanakanushwa vikali", walikutana, wakaitana msomi mwenzangu, wakakumbatiana, wakaulizana habari za watoto. Walicheka hadi mmoja akafuta miwani. Mimi na meneja wangu tulibaki tumesimama kila mtu na ukuta wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona meneja akiitazama saa yake kwa huzuni ileile niliyokuwa nayo. Naye analipa kwa saa! Nilikaribia kumpenda.

Msuluhishi alituweka katika vyumba viwili, akawa anatembea katikati akibeba tarakimu. Alikuja na ndogo, akaenda na kubwa, akarudi na iliyo katikati, na kila aliporudi wakili wangu aliandika kwenye karatasi na kunigeuzia bila kusema neno. Hakuna aliyeuliza kuhusu ari ya ushirikiano. Kosa lililonifukuza halikutajwa hata mara moja kwa saa 3 na nusu, na hotuba yangu ilibaki kwenye mfuko wa koti.

Tulikubaliana. Sina ruhusa ya kusema ni miezi mingapi ya mshahara, kwa sababu kifungu cha 7 cha makubaliano kinanikataza kumwambia yeyote, na mke wangu bado haamini kwamba kifungu cha 7 kinamhusu na yeye. Kifungu cha 9 kilisema kwamba kampuni haikubali kosa lolote. Kifungu cha 10 kiliilazimu kampuni kunipa cheti cha utumishi ndani ya siku 14.

Cheti kililetwa siku ya 14, alasiri, na mlinzi yuleyule wa daftari la getini, akanisainisha kwamba nimekipokea. Karatasi nzuri, muhuri wa buluu, sahihi ya meneja. Kinathibitisha kwamba nimekuwa mfanyakazi wa kampuni kwa miaka 9, wala hakuna neno la kujitegemea humo ndani, na kinanipendekeza kwa mwajiri yeyote kwa uaminifu wangu, kwa umakini wangu wa hesabu, na zaidi ya yote kwa ari yangu kubwa ya ushirikiano. Nilimpigia wakili kumsomea sentensi hiyo. Alicheka sana, dakika sita kamili, na sasa nasubiri ankara.