ʻIwa wa Hawaii: mwizi kwa jina tu?

Kwa Kihawaii, ʻiwa ni ndege mkubwa mweusi wa baharini. Neno hilo hilo lina maana ya mwizi pia. Wanaomsema vibaya hawamsingizii: humvizia ndege mwenzake anayerudi kutoka kuvua, akamfukuza angani na kumvuta mkia mpaka yule mnyonge atapike samaki, kisha akamdaka samaki huyo kabla hajagusa maji. Wahawaii wa kale walikuwa wavuvi, na waliliona jambo hilo kwa macho yao.

Ila hao hao waliompa jina hilo wana msemo, "Kīkaha ka ʻiwa i nā pali": ʻiwa anaelea juu ya magenge. Huambiwa mtu mwenye sura na umbo, aliyetokelezea, akipita shingo zinageuka. Ni sifa hiyo, wala si kejeli. Manyoya yake nayo yalitiwa kwenye kāhili, zile fimbo ndefu za fahari zilizosimamishwa karibu na machifu. Sidhani kama kuna chifu angekubali kutembea na alama ya kibaka.

Hata wizi wenyewe haukuwa aibu tupu. Katika hadithi moja, kijana aitwaye Iwa anashindanishwa na wezi sita wa chifu ʻUmi, kila upande ujaze nyumba yake mali ya wizi usiku mmoja. Iwa analala. Wenzake wanajaza yao mpaka juu, wanachoka, usingizi unawachukua. Ndipo anaamka na kuihamisha yote. Msimulizi yuko upande wa nani hapo?

Kinachonikera zaidi ni hesabu. Watafiti waliowachunguza ndege wa aina hii katika kisiwa cha Henderson, Pasifiki ya Kusini, walikadiria kuwa kwa kunyang'anya walipata wastani wa asilimia 5 tu ya chakula walichohitaji. Hata anayefanikiwa sana hakuvuka asilimia 40. Tano! Kinachobaki ni jasho lake: ngisi, na samaki panzi anaowanyakua wakiwa juu ya maji. Ni kweli Henderson si Hawaii, na waliopimwa kuibiwa ni ndege wa aina moja tu. Lakini hata ukiizidisha mara tatu, bado unamwita mtu mwizi kwa kazi anayoifanya mara moja moja, tena kwa sababu ndiyo inayoonekana kutoka ufukweni. Uvuvi wake uko mbali, hauna shahidi.

Halafu manyoya yake hayazuii maji vizuri. Akitua baharini hulowa, na kuinuka tena ni shida. Ana mabawa ya zaidi ya mita 2 kwa mwili wa kilo moja na ushei, kwa hiyo maisha yake ni upepo. Ndiyo maana wazee walipomwona akielea juu sana walisema "he lā makani", siku ya upepo.