Uyoga wa mama na kahawa ya pakiti

Jumamosi iliyopita nilisimama Tammelantori, soko la wazi la hapa Tampere, Ufini, nikitazama foleni mbele ya meza ya mama mmoja mzee. Alikuwa na masanduku matatu ya kantarelli, uyoga wa manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na kopo la kupimia. Huku uyoga na matunda ya porini hupimwa kwa lita, si kwa kilo. Lita moja euro 9. Kijana aliyekuwa mbele yangu hakuja kununua. Alitoa mfuko wa karatasi, akamwaga uyoga wake mezani, akauliza kama upo salama. Yule mama akaugeuza mmoja mmoja, akatazama chini ya kofia, akapitisha ukucha kwenye mikunjo, akaunusa. Mmoja akauweka pembeni, akamwambia autupe. Foleni nzima ilikaa kimya ikisikiliza, na hakuna aliyelalamika kwamba anacheleweshwa.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Nikafungua simu, nikakuta ujumbe wa sauti wa mama kutoka Mafinga. Anaomba shilingi 120,000. Kuna dada kapita baada ya ibada, anauza kahawa ya uyoga, boksi lenye pakiti ndogondogo, imetoka nje, inashusha presha, inaondoa sukari, inasafisha figo. Mama yangu ndiye aliyenifundisha uyoga kabla sijajua kusoma!

Sijatulia tangu siku hiyo.

Nianze na msimu wangu wa kwanza huku, ili nisije nikaambiwa najifanya mjuaji. Nilikuwa na miezi minne tu Ufini. Mama mmoja niliyefanya naye kazi, mstaafu sasa, akanichukua msituni mwezi wa Agosti. Chini ya miti nikauona: uyoga mweupe pe, umechomoza kutoka kwenye gamba lililopasuka kama yai, una sketi shingoni. Moyo uliruka. Kwetu mvua zikishika, uyoga mweupe unaotoka kwenye yai ndio tuliokuwa tukiugombania, mama anaupika na karanga na ugali hauwatoshi watu. Nikainama, nikauchuma. Yule mama alinishika mkono kwa nguvu, hakusema neno mpaka nilipouachia. Kisha akanifuta vidole kwa kitambaa chake.

Ule ni valkokärpässieni. Ni ukoo mmoja na wetu, sura inakaribiana, lakini wa kwetu unaliwa na huu unaua. Na unaua kwa hila. Unakula leo, yanapita masaa nane, kumi na mbili, hata ishirini na nne hujasikia kitu. Halafu unatapika na kuharisha, kisha unapata nafuu, unadhani yameisha, kumbe ini linakufa. Wahamiaji wengi duniani wamekufa hivyo, si kwa ujinga bali kwa ujuzi: waliujua uyoga wa kwao vizuri kabisa, wakaukuta mwenzake ugenini.

Siku ile nilielewa kwamba alichonacho mama yangu si mazoea. Ni elimu kamili yenye mipaka yake, imefungwa na misitu ya miombo ya Iringa kama vile elimu ya yule mama wa Kifini ilivyofungwa na misitu ya huku. Huku mwenye elimu hiyo anapangiwa foleni. Kwetu mwenye elimu hiyo ni bibi kizee mwenye ndoo.

Najua mtakachosema. Huyu kafika Ulaya, kaonja uyoga wa Wazungu, sasa anatudharau. Wengine mtaniuliza kama na uyoga nao ni jambo la kuandika wakati watu hawana maji. Nawajibu kwa heshima: mimi siwasifu Wafini kwa kuzaliwa wanajua. Hawakuzaliwa wanajua. Watu wa magharibi ya nchi hii kwa vizazi vingi waliuona uyoga ni chakula cha ng'ombe, mtu mwenye heshima zake haugusi. Waliokuwa wakiula ni watu wa mashariki, Wakarelia. Baada ya vita na Urusi, Wakarelia zaidi ya 400,000 walihamishwa makwao wakatawanywa nchi nzima, wengi hawana kitu, na wakaja na ndoo zao za uyoga uliotiwa chumvi. Walichekwa kwa mila zao. Leo wajukuu wa waliowacheka ndio wanaopanga foleni Tammelantori. Kilichobadilika ni kwamba watu walikubali kufundishwa. Chama cha Martat, cha akina mama, kilichoanzishwa mwaka 1899, mpaka leo kinaendesha mafunzo ya uyoga, na kuna washauri wanaosomea na kufanya mtihani. Na ukichuma mwenyewe ukauza, kipato hicho hakitozwi kodi.

Halafu kuna sheria inayoniumiza roho kila nikiikumbuka. Huku mtu yeyote, hata mimi nisiye raia, naruhusiwa kuingia msitu wa mtu na kuchuma uyoga na matunda bila kuomba ruhusa, mradi nisisogelee ua wa nyumba yake, nisiharibu miti na nisiingie kwenye hifadhi zilizofungwa. Wanaiita haki ya kila mtu. Mama yangu aliwahi kunyang'anywa ndoo ya uyoga na walinzi wa msitu, akarudi nyumbani mikono mitupu na kitenge kimelowa. Uyoga wa ndoo moja! Magari ya mkaa yalikuwa yakipita barabara hiyohiyo usiku, mnayajua.

Na mkaa ndio unaomaliza mchezo. Uyoga wetu mwingi wa miombo, ukiwemo ndugu wa kantarelli, maana nasi tunao wa manjano na wa rangi ya chungwa, hauoti popote upendapo. Nyuzi zake chini ya ardhi zimeshikana na mizizi ya mti ulio hai: mti unaulisha sukari, nao unauletea mti maji na madini. Hakuna anayeweza kuulima shambani. Kata mti, umekata na uyoga. Ukipanda msonobari mahali pake utapata uyoga mwingine uliokuja na misonobari, ule wa kahawia wenye ngozi ya utelezi tuliokuwa tukiupiga teke tukitoka shule. Wenzetu huku ukoo huo wanaumenya ngozi na kuula. Lakini uyoga wa mama hautarudi chini ya msonobari.

Sasa yule atakayesema uyoga wa porini unaua, kila masika tunasikia familia imezikwa. Ni kweli, na sina mzaha na msiba wa mtu. Lakini tazama wenzetu wanavyofanya. Masika yao huota uyoga unaoitwa korvasieni, umekunjamana kama ubongo. Mbichi ni sumu, unaweza kuua. Hawakuupiga marufuku. Unauzwa na karatasi ya maelezo: uchemshe kwa maji mengi dakika tano, mwaga, suuza, chemsha tena kwa maji mapya, mwaga, suuza, na fungua madirisha kwa sababu hata mvuke wake si salama. Nilipoisoma karatasi ile mara ya kwanza nilimwona mama jikoni, na ule uyoga unaotoa utomvu mweupe ukiuvunja, mkali ulimini. Maji ya kwanza aliyamwaga nje, mbali na kuku. Ni kanuni ileile. Tofauti ni kwamba ya huku imeandikwa na ya mama imo kichwani mwake, naye ana miaka sabini na minne.

Mtasema basi tuandike. Imeshaandikwa, tena na sisi tukiwemo, na hili wengi hawalijui. Miaka ya 1990 Marja Härkönen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alifanya kazi hiyo pamoja na Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliwauliza watu vijijini, hasa akina mama wanaochuma: huu mnauitaje, mnaula, mnaupikaje? Maandishi yao juu ya uyoga unaoliwa Tanzania yalitoka mwaka 1995, na mwaka 2003 kikafuata kitabu kizima, pamoja na Tuomo Niemelä. Nimekishika kitabu hicho huku, kwenye baridi, nikaona picha za uyoga wa kwetu. Nilijivunia mpaka machozi, halafu nikakasirika, kwa sababu kimeandikwa kwa Kiingereza na sijawahi kumwona mwalimu wa kijijini kwetu akiwa nacho.

Turudi kwenye kahawa, maana ndiyo iliyonitoa usingizini.

Uyoga unaosagwa kwenye pakiti zile ni jamii ya ule mgumu kama gamba la mti, mwekundu unaong'aa kama uliopakwa vanishi. Jamii hiyo inaota na kwetu, kwenye visiki. Huku nao wana wao: pakuri, uvimbe mweusi kama mkaa unaoota kwenye mti wa koivu, wanauchemsha kama chai. Nami nimekunywa. Una ladha ya ardhi na vanila kidogo, si mbaya. Lakini nilipomuuliza daktari alinijibu waziwazi: utafiti mwingi ni wa maabara na wanyama, na wapo waliokunywa unga wake kwa wingi siku nyingi wakaharibu figo, kwa sababu umejaa oksaleti, kemikali inayoganda chembechembe ndani ya figo. Wauzaji waliomjia mama wanasema uyoga wao unasafisha figo. Je, walimuuliza anatumia dawa gani? Hawakumuuliza. Walimwambia akianza kahawa anaweza kupumzika vidonge vya presha.

Wala sisemi kuvu hazina dawa. Penisilini, ambayo imewaokoa wengi kati yetu tukiwa wachanga, ilitoka kwenye kuvu, Fleming aliiona mwaka 1928. Dawa inayozuia mwili kukataa figo ya kupandikizwa ilitoka kwenye kuvu ya udongo uliochotwa nyanda za juu za Norway mwaka 1969. Japani kulikuwa na dawa zilizochujwa kwenye uyoga, ambazo wagonjwa wa saratani walipewa pamoja na matibabu ya kawaida, si badala yake. Kote huko kuna watu waliopima, wakajua kiasi, wakajua madhara. Pakiti ya kanisani haina hayo.

Na uyoga wa mama? Huo una faida isiyohitaji boksi. Majira ya baridi yangu ya pili nilipimwa damu, vitamini D ikawa chini kabisa. Kwa ngozi zetu, na jua lisilopanda, ndivyo inavyokuwa huku. Nesi akanipa vidonge, ninavimeza mpaka leo. Lakini akaniambia jambo: uyoga ukianikwa juani hutengeneza vitamini D wenyewe, kama ngozi ya mtu. Nikamkumbuka mama akiuanika kwenye ungo juu ya paa la banda, na kila mchana ananituma nikaugeuze, tumbo lake lielekee jua. Nilidhani ni kuuzuia usioze tu. Bila shaka naye alidhani hivyo. Akautia kwenye kibuyu, tukaula mpaka Agosti, wakati mboga zimekauka.

Wapo wanaoniandikia: kama unaipenda hivyo Iringa, rudi. Ndugu yangu, hela ya shule ya wadogo zangu haitoki kwenye kichuguu. Nipo huku kwa sababu unayoijua kama ninavyoijua mimi. Lakini kuwa mbali hakunifungi mdomo juu ya mama yangu. Na wale wa mjini mnaokunja uso mkisikia uyoga wa porini, mnaousema ni chakula cha njaa, nimewaona hotelini mkiagiza supu ya uyoga wa kopo.

Nilimpigia jioni ileile. Kamwene, mama. Nikamwambia hela nitatuma, lakini ya vidonge na nauli ya kliniki, si ya kahawa. Alinyamaza. Hakupenda. Akasema yule dada ni mtoto wa watu wazuri. Nikamwambia najua. Kisha nikamwomba kitu kingine: kila jioni anitajie uyoga mmoja anaoufahamu, jina, unaota chini ya mti gani, unapikwaje, unafanana na upi wa sumu. Mdogo wangu amrekodi kwa simu. Akacheka sana, akasema hayo nayo ni maneno ya kurekodi?

Mafinga sasa ni baridi, mvua bado miezi. Lakini jumbe tatu zimeshafika. Wa kwanza ni wa kichuguuni, unaotoka na mvua za mwanzo pamoja na kumbikumbi. Wa pili ni wa manjano. Wa tatu ni ule mweupe wa kwenye yai. Alieleza sketi, akaeleza gamba, akaeleza harufu, akafika kwenye ule unaofanana nao usiochumwa, akasita. Nasikia jogoo nyuma yake, na mdogo wangu akimhimiza aendelee. Akasema, huo siwezi kuusema kwa mdomo, mpaka aje niushike naye mkononi.